Hisa za mwajiri ndani ya mfuko wa kustaafu wa Marekani: zihamishwe zote au zichukuliwe kama hisa?

Mkazi wa Shangani aliuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kwa niaba ya dada yangu mkubwa, mjane mwenye umri wa miaka 61, anayeishi Houston katika jimbo la Texas na ambaye alikwisha kuchukua uraia wa Marekani. Ameitumikia kampuni moja kwa miaka 24, anatarajia kuacha kazi mwishoni mwa Oktoba, na nia yake ni kurudi huku Mtwara, kwa kuwa nyumba yake ya Mikindani imekamilika. Kazini kwake ana akaunti ya kustaafu ya aina inayoitwa 401(k), na ndani yake kuna mifuko ya uwekezaji ya kawaida yenye thamani ya takriban dola 210,000 pamoja na hisa 4,000 za kampuni hiyohiyo iliyomwajiri, ambazo kwa bei ya wiki hii ni kama dola 90 kila moja.

Juzi alinitumia kwa WhatsApp picha za fomu aliyopewa na msimamizi wa mfuko. Kisanduku cha kwanza, ambacho mhudumu alikwisha kukiwekea alama ya penseli kabla hata ya kumkabidhi, kinasema kila kitu kihamishiwe kwenye akaunti binafsi ya kustaafu, yaani IRA. Chini yake, kwa herufi ndogo, kipo kingine kinachozungumzia kupokea hisa za mwajiri zikiwa hisa. Alipouliza tofauti yake alijibiwa kwamba watu karibu wote hujaza cha kwanza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi ni mtunza vitabu wa chama cha msingi cha korosho. Stakabadhi na makato nayajua, lakini kodi za Marekani siziwezi. Niongeze mawili. Hisa hizo hazikupatikana siku moja, bali kidogo kidogo, nyingine kwa makato ya mshahara wake na nyingine kwa mchango wa mwajiri. Pia, mara tu baada ya kutimiza miaka 59 na nusu, alitoa dola 12,000 katika mfuko huo kwa ajili ya kuezeka nyumba. Je, visanduku hivyo viwili vinatofautiana kikodi, au ni njia mbili za kufika mahali pamoja?

Mhasibu wa Ligula alijibu:

Ndugu Mkazi wa Shangani, vinatofautiana sana, na ubaya wake ni kwamba kisanduku cha kwanza hakina kurudi nyuma. Mwambie dada asitie saini kabla ya kupata tarakimu moja ambayo kwenye picha zako siioni, nayo ni gharama ya hisa, yaani bei ambayo mfuko ulizipata hisa hizo siku zilipoingia.

Kanuni ya jumla ni kwamba fedha yoyote inayotoka katika 401(k) ya kawaida, au katika IRA ambayo fedha hiyo ilihamishiwa, hutozwa kodi ya mapato ya kawaida kana kwamba ni mshahara, na haijalishi kama ndani yake kulikuwa na faida ya hisa, riba au gawio. Hisa za mwajiri zina upendeleo wao. Zikitoka mfukoni zikiwa hisa, na masharti yakitimizwa, kodi ya mshahara hutozwa kwenye ile gharama peke yake katika mwaka wa kuzipokea, na ongezeko lote la thamani lililopatikana zikiwa mfukoni husubiri hadi siku zitakapouzwa. Siku hiyo ongezeko hilo hutozwa kwa viwango vya faida ya mtaji ya muda mrefu, ambavyo ni asilimia 0, 15 au 20 kulingana na kipato, hata kama ameziuza kesho yake. Wamarekani huliita ongezeko hilo NUA kwa kifupi. Thamani itakayoongezeka baada ya hisa kutoka mfukoni ni habari nyingine: hiyo huhesabiwa kuanzia siku ya kutoka, na ili ipate viwango vya muda mrefu ni lazima upite zaidi ya mwaka mmoja.

Wewe ni mtu wa korosho, kwa hiyo lichukulie hivi. Magunia yaliingia ghalani yakiwa na bei ya siku ile, na leo bei ya mnada imepanda. Anayepita njia ya IRA hutozwa kodi ya mshahara kwenye bei nzima ya mnada, siku yoyote atakayochota. Anayetoa magunia yenyewe hutozwa kodi ya mshahara kwenye bei ya kuingilia, na tofauti iliyobaki hutozwa kodi nyepesi siku ya kuuza.

Tuipige hesabu kwa hisa moja tu. Tuseme iliingia kwa dola 15 na leo ni dola 90, na kipato cha dada kiko kwenye daraja la asilimia 22. Kupitia IRA, kodi yake ni dola 19.80. Ikitoka ikiwa hisa, atalipa dola 3.30 kwa ile gharama ya 15, na dola 11.25 kwa ongezeko la 75 endapo kiwango chake ni asilimia 15. Jumla dola 14.55. Sasa chukua hisa nyingine iliyoingia kwa dola 80. Kupitia IRA kodi ni ileile 19.80, na ikitoka ikiwa hisa ni 17.60 kujumlisha 1.50, yaani 19.10. Ameokoa senti 70, tena amekubali kulipa dola 17.60 mapema badala ya kuiacha kodi isubiri miaka. Ndiyo maana nasema gharama ndiyo kila kitu: hisa ya bei ya chini inafaa kutolewa, na hisa iliyoingia kwa bei ya juu iende IRA pamoja na mifuko mingine.

Naam, inaruhusiwa kugawa hivyo. Kinachotakiwa ni akaunti nzima itoke ndani ya mwaka mmoja wa kodi, ambao kwao huishia tarehe 31 Desemba, hisa zikielekea akaunti ya kawaida kwa dalali na nyingine zote zikielekea IRA. Huo ndio mkupuo ambao sheria yao inauzungumzia, na usiuchanganye na mkupuo wa kikokotoo chetu cha pensheni, kwa sababu hapa hakuna asilimia inayobaki nyuma kulipwa kila mwezi. Senti ikisalia katika mfuko tarehe 1 Januari, masharti yamevunjika. Nimeona jambo hilo likitokea kwa sababu ya gawio dogo lililoingia katika akaunti baada ya kila kitu kuhamishwa, ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Mkupuo huo pia lazima utanguliwe na tukio linalotambuliwa na sheria, nayo kwa mwajiriwa ni matatu: kuacha kazi, kutimiza miaka 59 na nusu, au kifo. Hapa ndipo zile dola 12,000 za mabati zinapoingia. Alipozitoa baada ya miaka 59 na nusu, na mwaka ule ukaisha bila akaunti kumalizwa, tukio la umri aliliharibu mwenyewe bila kujua. Bahati nzuri kuacha kazi ni tukio jipya linalojitegemea, kwa hiyo mlango unafunguka tena Oktoba. Usifunguliwe halafu ukafungwa kwa mkono wake mwenyewe.

Mkazi wa Shangani aliandika:

Nashukuru sana, ndugu. Nimempigia dada usiku huu, na anaiomba hiyo gharama kwa maandishi. Je, ina maana mara tu baada ya Oktoba afanye haraka amalize kabla ya mwaka kwisha? Na je, hakuna faini ya kutoa mapema, maana jirani yake mwenye miaka 52 aliambiwa asiguse chochote?

Mhasibu wa Ligula alijibu:

Kwa faini asiwe na wasiwasi, kwa sababu amevuka miaka 59 na nusu. Jirani yake angelipa nyongeza ya asilimia 10, tena kwenye gharama tu wala si kwenye ongezeko, na angesalimika kama angeacha kazi katika mwaka wa kutimiza 55 au baadaye.

Kuhusu haraka, ushauri wangu ni kinyume chake. Akitoa Novemba, ile gharama itarundikwa juu ya mshahara wa miezi kumi na kumpandisha daraja. Akisubiri hadi Januari, mwaka utakuwa mpya na mshahara haupo. Sheria haimlazimishi kutoa katika mwaka uleule alioacha kazi. Inachokataa ni kutoa kidogo katika mwaka mmoja na kumalizia katika mwaka mwingine. Kwa hiyo kati ya siku ya mwisho kazini na Januari asichote hata dola 100 za nauli ya ndege.

Jambo jingine ni kwamba fedha taslimu zikilipwa moja kwa moja kwa mtu, msimamizi hukata asilimia 20 ya zuio, lakini hisa za mwajiri zinazotoka zikiwa hisa hazikatwi. Wengi hufurahi hapo, kisha hushtuka siku ya kuwasilisha ritani kwa kuwa hakuna kilicholipwa. Aweke kando fedha za kodi ya gharama, na alipe kwa awamu ndani ya mwaka kama sheria yao inavyotaka. Kodi ya mapato ya jimbo hana, maana Texas haina kodi hiyo kwa watu binafsi.

Kutoka Nachingwea alijibu:

Nimeisoma hesabu ya ndugu yetu wa Ligula na tarakimu zake sina ugomvi nazo, ila naona inamtazama dada kama mtu mwenye hisa na kusahau kwamba ni mtu anayetaka kula uzeeni. Hisa 4,000 kwa dola 90 ni dola 360,000 kati ya jumla ya 570,000; yaani zaidi ya nusu ya akiba ya maisha yake imekaa katika kampuni moja. Houston inaijua habari hiyo vizuri kuliko mji wowote. Kampuni ya Enron ilikuwa na makao makuu palepale, na zaidi ya nusu ya mali iliyokuwa katika mfuko wa 401(k) wa wafanyakazi wake ilikuwa hisa za kampuni hiyo. Ilipoomba kinga ya kufilisika Desemba 2001, watu walipoteza kazi na mafao katika mwezi mmoja. Baadaye, mwaka 2006, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayowapa wafanyakazi haki ya kuziuza hisa za mwajiri ndani ya mfuko na kununua vitu vingine, mradi hisa hizo zinauzwa sokoni.

Hatari ya upendeleo huu wa kodi ni kwamba humfanya mtu azikumbatie hisa ili asilipe kodi ya ongezeko. Ndani ya IRA angeweza kuuza zote asubuhi moja na kutawanya bila kodi yoyote siku hiyo. Mimi ningesema hivi: kama atazitoa zikiwa hisa, awe amekubali tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ataiuza mapema na kulipa asilimia 15 yake bila kinyongo. Kama hawezi kukubali hilo, IRA ni salama zaidi kwake hata kama kodi yake ni nzito.

Mstaafu wa Mitwero alijibu:

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini wote mmebaki Houston. Mama huyu anarudi Mikindani, na nyumba amekwisha kuijenga.

Kwa upande wa Marekani kurudi kwake hakubadilishi kitu, kwa kuwa nchi ile humtoza kodi raia wake popote anapoishi. Kwa upande wa Tanzania ni vingine. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haiulizi pasipoti ili kujua nani ni mkaazi, inauliza makazi na siku. Ni mkaazi yule mwenye makazi ya kudumu nchini ambaye alikuwapo katika sehemu yoyote ya mwaka, au aliyekaa siku 183 au zaidi katika mwaka husika, au aliyekuwapo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia kwa vipindi ambavyo wastani wake katika miaka hiyo mitatu unazidi siku 122 kwa mwaka. Itazameni ile sehemu ya kwanza. Nyumba ya Mikindani ikihesabiwa kuwa makazi yake ya kudumu, likizo ya wiki tatu yaweza kutosha. Na mkaazi hutozwa kodi kwenye mapato ya duniani kote, isipokuwa yule ambaye kwa maisha yake yote hajawa mkaazi kwa zaidi ya miaka miwili kwa jumla.

Msamaha tuliozoea kuusikia, wa faida ya kuuza hisa, ni wa hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hisa za New York hazimo. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Hata hivyo sheria yetu humruhusu mkaazi kupunguziwa kodi kwa kiasi alicholipa nje juu ya mapato yaleyale. Ndipo unapokuja mtego mtamu. Mtu asiye na mwenzi ambaye mapato yake yanayotozwa kodi hayazidi kikomo kilichowekwa (kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 48,350) hulipa asilimia 0 kwenye faida ya muda mrefu kule Marekani. Dada anaweza kushawishika kukaa Mikindani akiuza hisa chache kila mwaka bila kulipa chochote Washington, lakini pasipo kodi iliyolipwa kule hakuna cha kupunguza huku, na daraja la juu la mtu binafsi hapa ni asilimia 30. Aende ofisi ya TRA akiwa na karatasi zake kabla ya kuhamisha makazi, na ulizo lake liwe kwa maandishi.

Mkazi wa Shangani aliandika:

Shikamoo mzee wangu wa Mitwero, nimekuelewa vizuri. Nyote nawashukuru.

Gharama imepatikana, na imekuja katika mafungu mawili. Hisa 2,600 ziliingia katika miaka ya mwanzo kwa wastani wa dola 14, na hisa 1,400 ziliingia miaka ya karibuni kwa wastani wa dola 71. Msimamizi amesema mfuko wao hutunza kumbukumbu za kila fungu, kwa hiyo fungu moja laweza kutolewa na jingine likahamishwa. Kumbe pia anachomiliki si hisa moja kwa moja, ni vipande vya mfuko wa hisa za kampuni, kama vile vya UTT, na lazima vigeuzwe kuwa hisa kamili kabla ya kutoka. Jambo hilo lisingejulikana kama asingeuliza.

Nimekaa nalo usiku kwa kikokotozi. Kwa hisa 2,600, gharama ni dola 36,400, na ongezeko ni 197,600. Kwa daraja la asilimia 22 na kiwango cha 15, kodi inakuwa 8,008 kujumlisha 29,640, yaani dola 37,648. Hisa hizohizo zikipita IRA na kuchotwa kwa asilimia 22 ni dola 51,480. Tofauti ni 13,832. Zile 1,400 ameridhia ziende IRA na ziuzwe hukohuko, kama alivyosema ndugu wa Nachingwea. Limebaki moja, ambalo mimi kama mjomba wa watoto wake siwezi kuliacha: akifariki kabla ya kuuza, watoto wanarithi na kodi?

Mhasibu wa Ligula alijibu:

Hesabu yako ni sahihi, ila kumbuka ya IRA ingelipwa kwa miaka mingi, na yako karibu yote hulipwa mapema akiuza mapema. Usiihesabu tofauti yote kuwa faida tupu. Kwa upande mwingine, mauzo makubwa ya mwaka mmoja yakivusha mapato yake dola 200,000, ongezeko hili halitozwi ile kodi ya ziada ya asilimia 3.8 inayowekwa kwenye mapato ya uwekezaji, ingawa gawio na faida zake nyingine zinaweza kuguswa.

Mjomba, watoto wanarithi na kodi. Kwa kawaida hisa za marehemu huko Marekani huthaminishwa upya kwa bei ya siku ya kifo na faida ya nyuma hufutika, lakini ongezeko lililotokea ndani ya mfuko halifutiki; watoto watalilipia kwa viwango vya muda mrefu siku watakapouza. Kinachofutika ni ongezeko la baada ya hisa kutoka mfukoni peke yake.

Kwenye fomu ya 1099-R, yaani taarifa ya kodi ya kilichotoka mfukoni, atakayoletewa baada ya mwaka wa kutoa, ongezeko huandikwa katika kisanduku namba 6. Atunze nakala yake pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu dalali atakayepokea hisa huenda asiwe na gharama sahihi katika vitabu vyake, na miaka saba baadaye karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha dola 14 zilitoka wapi. Na kabla ya Januari amuulize dalali huyo kama anakubali mteja mwenye anwani ya Tanzania, maana wapo wanaofunga akaunti mteja akihama nchi.

Mkazi wa Shangani aliandika:

Amemuuliza leo. Dalali wa kwanza amekataa anwani ya Mtwara, wa pili ameikubali, na ile alama ya penseli imefutwa.